Shukrani ya Punda

Wiki ya kwanza ya Januari, tao hugeuka duka moja kubwa la sare. Akina mama wanabishana na wauzaji kuhusu bei ya soksi. Masanduku ya bati yanapandishwa juu ya mabasi. Kiatu kinanunuliwa kikubwa kidogo, kwa sababu mguu wa mtoto utakua lakini mshahara wa mzazi hautakua. Tunaiita Njaanuari kwa mzaha, ila ukitazama nyuso kwenye foleni ya benki ya kulipia karo, huoni anayecheka.

Wakati huohuo simu zinajaa shukrani. Mtu anaweka picha ya chaki na ubao na kuandika, "Asante kwa mwalimu aliyenifikisha hapa." Mioyo inamiminika. Mwaka huu nami niliandika yangu, kuhusu mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Nikaisoma mara mbili, nikaifuta. Sikuwa nimedanganya. Nilikuwa tu nimeruka sehemu ambayo nilimkwepa barabarani.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mtoto wa 2003. Yaani, nilianza shule Januari ile ambayo serikali mpya ya Mwai Kibaki, iliyoapishwa siku mbili tu kabla ya mwaka kuisha, ilitangaza kwamba elimu ya msingi ni bure. Mamangu, ambaye alikuwa ameshapanga nikae nyumbani mwaka mmoja zaidi, alinishika mkono tukatembea kutoka nyumbani kwetu Eastlands hadi shule ya karibu. Langoni kulikuwa na umati kama wa mechi. Kuna wazazi waliokuwa wamelala hapo. Kote nchini, zaidi ya watoto milioni 1 ambao hawakuwa shuleni mwaka uliotangulia waliingia darasani mwezi huo. Mwaka uliofuata hata Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza kule Eldoret akiwa amevaa kaptula ya shule, dunia nzima ikamjua.

Darasa letu lilikuwa na watoto 104. Namba hiyo naikumbuka kwa sababu mwalimu aliihesabu kwa sauti kila asubuhi, akitugusa vichwa. Kulikuwa na wavulana wa miaka 12 waliokaa nyuma, magoti yamegonga dawati. Wengine tulikaa sakafuni, mstari wa dirishani. Chaki ilikatwa mara tatu ili itoshe wiki. Na kila siku, kabla ya kitu kingine chochote, aliandika tarehe juu ya ubao, upande wa kulia, na sote tulilazimika kuinakili. "Kazi isiyo na tarehe haisahihishwi," alikuwa akisema. Tulimwogopa na tulimpenda. Kufikia Aprili nilikuwa nasoma mabango ya matatu kwa sauti mpaka makanga ananiambia ninyamaze.

Sasa rukia 2013. Niko kidato cha tatu, shule imefungwa kwa sababu walimu wa shule za umma wamegoma, na nimetumwa tao kununua kitu ambacho sikumbuki. Nikiwa Moi Avenue nikasikia firimbi. Msafara wa walimu ulikuwa unapita, wameshika matawi, wanaimba, wengine viatu mkononi. Katikati yao nikamwona. Alikuwa amenenepa kidogo, skafu imeshuka mabegani, anacheza huku ameinua tawi juu. Mwalimu wangu. Yule aliyetufundisha kukaa kimya.

Niliona aibu. Nakiri. Nyumbani wiki hiyo watu walikuwa wanasema walimu wamezidi, ati kila mwaka ni mgomo, ati wanacheza na maisha ya watoto. Na mimi nilikuwa natazama mwaka wa mtihani ukikaribia. Nikaingia kwenye duka la simu, nikajifanya naangalia vifuniko, mpaka msafara ukapita.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua alichokuwa anadai siku ile. Alikuwa anadai ahadi ya 1997. Mimi wakati huo nilikuwa bado najifunza kutembea.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwaka 1997 ulikuwa wa uchaguzi. Rais Daniel arap Moi, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwalimu kabla ya siasa, alikuwa anatafuta muhula wake wa mwisho. Mwezi wa Oktoba, mitihani ya kitaifa ikikaribia, chama cha walimu KNUT kikiongozwa na katibu mkuu Ambrose Adongo kiliitisha mgomo. Serikali ikakubali haraka kuliko ilivyotarajiwa: nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 150 na 200, italipwa kwa awamu kwa miaka 5, pamoja na marupurupu ya nyumba, matibabu na mengineyo. Yakachapishwa rasmi kama Tangazo la Kisheria nambari 534 la 1997. Walimu wakarudi darasani. Mitihani ikafanywa. Desemba uchaguzi ukapita na Moi akashinda.

Awamu ya kwanza ililipwa. Halafu serikali ikasema haina pesa. Walimu waligoma tena Oktoba 1998 kudai kile kilichokuwa tayari kimeandikwa, wakarudi darasani mikono mitupu. Mwaka huohuo serikali ikasimamisha kuajiri walimu zaidi. Adongo alifariki 2001 kabla ya kuiona ahadi ikitimizwa. Wakagoma tena 2002. Serikali ya Kibaki ilipoingia ilikubali kulipa ile nyongeza kwa vipande, kwa miaka mingi, ila marupurupu yakabaki kiporo. Ndiyo maana 2013, chini ya rais wa tatu tangu ahadi itolewe, mwanamke wa miaka hamsini na kitu alikuwa anacheza juani Moi Avenue ameshika tawi.

Wapo walioumia zaidi. Walimu waliostaafu kati ya 1997 na 2007 walihesabiwa pensheni kwa mishahara ya zamani, kana kwamba makubaliano hayakuwahi kuwapo. Wazee hao walienda mahakamani Nakuru, na mwaka 2008 mahakama ikasema wana haki. Kupewa haki ni jambo moja, kupewa hela ni lingine. Waliendelea kuzungushwa miaka na miaka, wengine wakizikwa huku faili lao bado liko mezani kwa mtu.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Shuleni tulifundishwa methali hiyo kama onyo kwa mtoto asiye na adabu. Siku hizi naiona kama muhtasari wa uhusiano wa taifa letu na walimu wake.

Lakini si kwamba tulianza hivyo. Kuna wakati watu wa nchi hii walijua kushukuru elimu kwa namna nyingine.

Mwaka 1929 kulizuka mgogoro mkali kati ya wamishenari na Wakikuyu wengi kuhusu tohara ya wasichana. Wazazi waliokataa kutia sahihi viapo vya kanisa waliona watoto wao wakifukuzwa kwenye shule za misheni. (Ni historia ngumu, na hakuna haja ya kuisafisha: desturi iliyotetewa ilikuwa inawaumiza wasichana.) Kilichofuata ndicho kinachonivutia hapa. Watu hao walianza kujijengea shule zao wenyewe, zisizo za misheni wala za serikali. Katika miaka ya 30 shule hizi huru zilienea Kiambu, Murang'a, Nyeri na hata Bonde la Ufa walikohamia vibarua. Majengo walijenga wenyewe. Walimu walilipwa kwa michango.

Tatizo likawa moja: walimu watatoka wapi? Serikali ya kikoloni ilikuwa na shule ya Jeanes kule Kabete tangu 1925, ikifundisha walimu wa vijijini, lakini watu wa shule huru walitaka chuo chao. Mwaka 1938 Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Koinange, alirudi kutoka Marekani akiwa na shahada ya uzamili katika elimu. Mwaka 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri, Kiambu. Pesa hazikutoka Nairobi wala London. Rika zilichanga, kila rika ikitaka kuonekana haikuachwa nyuma. Wanawake, wakiongozwa na Wambui wa Wagarama, walichanga zao kujenga bweni la wasichana. Fikiria hapo: watu ambao wengi wao hawakujua kusoma, wanaotozwa kodi ya kibanda na wanaobeba kipande shingoni, wanatoa sarafu ili mtu mwingine afundishwe kufundisha.

Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza 1946, Githunguri ndiko alikoenda kuwa mkuu. Wakoloni walielewa vizuri uzito wa mahali pale. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, chuo kilifungwa, na shule huru nyingi zikafungwa pamoja nacho. Githunguri ikageuzwa mahali pa kunyongea watu. Ukitaka kujua serikali inaogopa nini, tazama inafunga nini kwanza.

Sisemi walimu wa Githunguri waliishi kama wafalme. Mchango wa kijiji hauna tarehe ya mwisho wa mwezi, na mvua isiponyesha hata mwalimu halipwi. Hilo ndilo jambo lililofuata kuhitaji kutatuliwa. Hadi miaka ya 50, mwalimu Mkenya alikuwa na mwajiri tofauti kulingana na alikoangukia: misheni hii, baraza lile la wilaya, bodi ile. Wawili wenye cheti kimoja, mto mmoja kati yao, walilipwa tofauti. Padri angeweza kumfuta mwalimu kwa mambo ya nyumbani kwake.

Ndiyo sababu 1957 ni mwaka wa kuukumbuka. Mwezi wa Machi Waafrika walichagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, viti 8. Tazama walioshinda: Moi, Ronald Ngala, Masinde Muliro, Oginga Odinga, Bernard Mate. Wote hao walikuwa wamewahi kushika chaki. Mwishoni mwa mwaka huohuo walimu wakaunda KNUT. Dai lao kuu lilikuwa rahisi kulieleza: mwajiri mmoja, masharti mamoja, nchi nzima. Uhuru ulipofika hawakupewa kama zawadi. Iliwalazimu kugoma miaka ya 60, wakati huu dhidi ya serikali iliyokuwa na walimu wenzao wa zamani kwenye viti vya mbele. Mwaka 1967 bunge likapitisha sheria iliyounda Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa Lamu na mwalimu wa Kakamega walikuwa na mwajiri mmoja.

Tangu hapo tumekuwa na tabia. Kila kiongozi akitaka kuanza ukurasa mpya, anauandika darasani, halafu anamwachia mwalimu kalamu isiyo na wino. Kenyatta alifuta karo ya madarasa manne ya kwanza 1974, shule zikafurika, na muda si muda wazazi wakaanza kudaiwa pesa za majengo. Moi akaleta maziwa ya Nyayo 1979, na 8-4-4 mwaka 1985, pamoja na masomo ya ufundi katika shule ambazo hazikuwa na randa wala cherehani. Na 2003 ikaja yangu.

Nilikulia kwenye simulizi kwamba serikali ilinipa elimu ya bure. Ni kweli ilitoa: Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Lakini kumbuka kuajiri walimu zaidi kulikuwa kumesimamishwa tangu 1998. Watoto waliongezeka zaidi ya milioni, walimu hawakuongezeka. Kwa hiyo ile sehemu nyingine ya gharama ililipwa na nani? Ililipwa na mwanamke aliyehesabu vichwa 104 kila asubuhi, akasahihisha madaftari 104 usiku, kwa mshahara uliokuwa bado unasubiri ahadi ya 1997. Elimu yangu haikuwa bure. Ililipiwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Na kuna waliolipa kwa damu. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilisimamishwa na al-Shabaab. Shule zilikuwa zimefungwa, watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Abiria 28 waliuawa, na wengi wao walikuwa walimu. Januari iliyofuata, mamia ya walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi kaskazini mashariki, wakaja Nairobi kuomba uhamisho. Waliambiwa warudi kazini. Huku wanafunzi wa Mandera, Wajir na Garissa, ambao hawakuua mtu, walifungua shule wakakuta madarasa hayana walimu.

Mwaka mmoja baadaye, 21 Desemba 2015, basi jingine lilishambuliwa, hili likielekea Mandera. Washambuliaji waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mmoja wao alikuwa Salah Farah, mwalimu. Alipigwa risasi, akaletwa hospitali Nairobi, akafariki Januari 2016, mwezi wa kufungua shule. Taifa lilimpa nishani. Filamu kuhusu basi lile, *Watu Wote*, ilifika hadi kuteuliwa kwa tuzo za Oscar. Lakini mimi hujiuliza kuhusu wanafunzi wake, asubuhi ile ya kwanza ya muhula, wakitazama mlango.

Usidhani naandika kuwatakasa. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni 2001, na mimi nilichapwa 2003, 2006 na 2009. Kuna mwalimu aliyemwambia rafiki yangu kwamba atauza karanga maisha yake yote, na rafiki yangu bado anaisikia sauti hiyo. Kuna mabaya kuliko hayo, na walioumizwa hawana deni la shukrani kwa mtu. Ila haki ya mfanyakazi haitegemei kama alikuwa malaika. Daktari mwenye kiburi bado hulipwa mwisho wa mwezi.

Na usidhani mambo haya yameisha. Shule za sekondari msingi zilipoanza 2023, zilijazwa na walimu vijana wa mafunzo ya kazini. Ni watu wa umri wangu, wenye shahada, wakifundisha vipindi sawa na wengine kwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Mwaka 2024 waliingia barabarani. Maelfu yao wakaajiriwa kwa masharti ya kudumu 2025 ilipoanza. Lakini tazama ilichukua nini. Tawi, firimbi, viatu mkononi, na sisi tukilalamika kwamba wanafunga barabara.

Baada ya kufuta ile shukrani yangu nilitafuta namba ya mwalimu. Haikuwa ngumu, mwanawe anakata nywele mtaani kwetu. Alistaafu miaka kadhaa iliyopita na sasa anafuga kuku huko kwao. Nilijitambulisha kwa majina yote matatu.

"Ulikuwa mstari gani?" akauliza.

"Wa dirishani, Mwalimu. Sakafuni. 2003."

Kimya kidogo. "Sikukumbuki, mtoto wangu. Mlikuwa wengi sana mwaka huo." Halafu akacheka. "Lakini unaongea vizuri."

Nilikuwa nimetarajia atanikumbuka, si uwongo. Nikamwambia kuhusu Moi Avenue, jinsi nilivyojificha dukani. Nikaomba msamaha. Hakuonekana kushtuka.

"Siku hiyo jua lilikuwa kali na miguu inaniuma," akasema. "Sikuwa natafuta watoto."

Tukaongea kuhusu kuku, kuhusu mamangu, kuhusu pensheni. Nikamweleza kwamba ninaandika kuhusu walimu kwa sababu shule zinafunguliwa. Akauliza nitaandika nini. Nikamwambia ni shukrani.

"Sawa," akasema. "Lakini weka tarehe."

Basi nimeziweka, Mwalimu. 1939, watu walipochanga. 1957, mlipoungana. 1967, mlipopata mwajiri mmoja. 1997, mlipoahidiwa. 2003, mliponipokea. 2013, nilipojificha. Siku nyingine msafara ukipita tao nitauliza kwanza wanadai ahadi ya mwaka gani, kabla sijalalamika kwamba matatu haisongi.